Alama Nyekundu kwenye Kadi za Maktaba

Mwaka ule wa elfu mbili na sita, benchi la Musembi muuza kahawa pale Kangemi lilikuwa limebanwa kati ya kinyozi na saiba, duka la intaneti alikofanyia kazi Wahu, naye alikuja hapo kila saa kumi kupumzisha macho. Maktaba moja kuukuu ya mjini ilimpa picha za kadi zake elfu nane azigeuze kuwa orodha ya kompyuta: mwandishi, kitabu, mwaka, rafu. Kompyuta ilisoma nusu. Nusu nyingine aliisahihisha kwa vidole vyake. Ijumaa akabidhi, Jumamosi kadi zenyewe zichomwe. Lakini kadi mia tatu zilikuwa na alama nyekundu pembeni, na bosi wa maktaba alishasema alama zifutwe.

— Si ufute tu, akasema Were, fundi redio waliyemwita Injinia.

— Nikifuta, nimefuta nini? akauliza Wahu.

— Wino, dada!

Ndungu, waliyemwita Diwani kwa kushindwa kura mara mbili, akaweka kikombe chini.

— Sikizeni. Hivyo ni vitabu serikali ilikataza. Ukipeana hiyo orodha, watu wa suti wanakuja hapa.

— Hapa kwa Musembi? akauliza Wahu. Watakaa wapi?

— Mimi nasema viliibwa, akasema Injinia.

— Kuna cha keki humo. Nani aibe kitabu cha keki? akasema Wahu.

— Mtu mwenye njaa!

— Ama viko na sumu, Diwani akapaza sauti. Karatasi ilipakwa dawa ya panya. Ukilamba kidole ufungue ukurasa, kwisha wewe.

— Na wewe ulifungua ukurasa lini, Diwani? akauliza Injinia.

Wakacheka hadi Musembi akamwaga kahawa. Mama Phoebe, muuza sukuma aliyekuwa ameketi hapo kwa mara ya kwanza, hakucheka. Aliomba aone picha moja ya kadi kati ya zilizochapishwa alizokuwa nazo Wahu, akaisogeza karibu na macho.

— Hii imeandikwa kwa mkono. Zote ni mkono huu mmoja?

— Zote, mama.

— Na huyu mtu anaitwa nani?

Miezi minne Wahu alikuwa ameishi na mkono ule, akaujua ulipokuwa imara na ulipoanza kutetemeka kwenye kadi za miaka ya mwisho. Jina hakuwahi kuuliza.

Akainuka, kahawa haijafika nusu. Ndani ya saiba akaongeza safu mpya kwenye orodha, akaiandika juu: alama nyekundu, tunauliza. Kisha akapiga simu maktaba.

— Nitafutieni aliyeandika kadi. La, si bosi. Aliyeandika, yeye ndiye atajua maana ya alama. Na hiyo Jumamosi, msiwashe moto.