Selina Khalayi na Pampu Iliyonyamazishwa

Wazee wetu, mchungaji, majirani zetu wa Dandora, wafanyakazi wenzake mama, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vimeisha, mimi ni Naliaka, mtoto wake wa kwanza. Aliyepangwa kusoma wasifu wa mama ni mjomba Opicho, lakini kiwanda alichofanyia kazi mama kilimletea karatasi iliyokwisha kuchapishwa, akaisoma hadi mahali pa kifo, akaikunja, akaniambia, "Mwanangu, hii siwezi kuitoa mdomoni mwangu, andika yako."

Marehemu Selina Khalayi alizaliwa tarehe 14 Septemba 1983 karibu na Kimilili, Kaunti ya Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Wafula na bibi yetu Nasimiyu, ambaye yuko nasi hapa. Alianza shule ya msingi mwaka 1990, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001, akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyechukua fizikia, na bibi anasema redio ya babu ikikwama alikuwa akiifungua na kuirudisha ikisema, ila mara moja zilibaki skrubu mbili mkononi, na redio ikasema hivyo hivyo.

Mwaka 2004 alikuja Nairobi, akakaa mtaa wa Pipeline kwa shangazi yake, akapata kazi ya kufunga makatoni katika kiwanda cha juisi, na jioni akawa anasomea umeme, hata akapata cheti chake Novemba 2009. Kuanzia mwaka uliofuata alikuwa fundi wa zamu, akitunza mota za pampu na vile visanduku vinavyoongoza mwendo wake, ambavyo mafundi huviita draivu. Draivu ikiona hatari huzima mota na kuonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo chake kidogo, na wengi pale walijua dawa moja tu, kubonyeza kitufe iwake tena, lakini mama aliiandika kila namba katika daftari, pamoja na saa na chanzo chake, na vijana wa zamu wakampa jina la Mathe wa Draivu, yaani mama wa draivu.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na baba yetu, Nyongesa, fundi mwashi, aliyetutoka mwaka 2016. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 3 Mei 2008, na Simiyu wa mwaka 2013. Nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili ili nimuuguze Simiyu, mama alinifundisha kwa daftari lile lile, mezani, tukichambua sukuma wiki, kwa hiyo ninayosoma sasa nayaelewa, na mtu asiniambie kwamba ni mambo ya wakubwa.

Kwa kawaida hapa husomwa ugonjwa. Mama hakuugua.

Kuanzia tarehe 10 Februari mwaka huu wa 2025, pampu namba tatu ilikuwa ikizima kila asubuhi baada ya sakafu kuoshwa kwa mpira wa maji, na draivu ikionyesha kwamba umeme unavuja. Mama alifungua boksi la nyaya juu ya mota, akakuta maji ndani na waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umeliwa na kutu, akaomba boksi jipya na waya mpya, mara tatu, kwa maandishi. Msimamizi wake alimwambia mbele ya watu, "Mama, kila siku maji, maji, si uende ukauze maji?" Naye akamjibu, "Nitauza, bosi, lakini kwanza nifungie hilo boksi." Watu walicheka. Boksi halikuja.

Tarehe 3 Machi hitilafu ilikoma. Nilimwambia, "Si ni vizuri, mama, imepona?" Akasema, "Mota haiponi kwa maombi, Naliaka, kuna mtu ameigusa," na katika daftari akaandika, Imenyamaza, nani ameitibu?

Jumanne tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi, alikwenda kuiangalia, akaweka kiganja juu ya mota kupima joto na mtetemo, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na mitano, na umeme ukamuua. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Karatasi ya kiwanda inasema marehemu alishika mashine bila kufuata utaratibu. Kweyu, mwendeshaji wa pampu hiyo, ndiye aliyekata umeme siku hiyo, na baadaye aliiwasha draivu bila mota, akaipiga picha mipangilio yake, na picha inaonyesha kwamba ile kinga ya kuzima mota umeme ukivuja iliwekwa sifuri. Ilizimwa tarehe 3 Machi, siku ile hitilafu ilipokoma, ili juisi isisimame. Nilimuuliza Kweyu kama nifiche jina lake, akasema, "Nitaje, dada, nimechoka kuogopa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, Mama Ummulkheir na majirani wa ploti waliotupikia siku kumi bila kuombwa, wanakwaya, na mafundi wa zamu ya asubuhi waliombeba mama mikononi gari lilipochelewa. Kiwanda kimeleta hema na shada la maua, nayo tumeyaona.

Ratiba inaonyesha kwamba baada yangu atasimama mwakilishi wa kiwanda. Familia haimzuii, ila kabla hajatoa pole aseme, mbele ya bibi yangu, ni nani aliyeweka sifuri. Kama hana jibu, arudishe kipaza sauti kwa mchungaji, kwa sababu safari ya Kimilili, tunakokwenda kumzika, ni ndefu na gari limeshawashwa.

Mama, pumzika kwa amani. Kosa halikuwa lako.