Kwa Nini Mzee wa Tambi Alipiga Magoti

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea ukuta wa kinyozi, katikati ya mlango wake na meza yangu ya kushonea viatu. Ndani ya kinyozi kuna televisheni, na kila siku saa nane mchana tamthilia ya Kikorea inaanza. Anayenyolewa saa hiyo akubali kungoja na kichwa cha upande mmoja. Kinyozi tunamwita Wembe. Muuza kahawa ni Bi Birika, mwanamke asiyecheka ovyo. Wa tatu ni karani mstaafu, mwenzangu tangu ujana, tunamwita Sabutaito kwa sababu ndiye anayetusomea kwa Kiswahili yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Wembe anajua kusoma ila maandishi yanamkimbia, na miwani yangu mimi ni ya kutungia uzi, haifiki mbali. Majina ya wale watu hatuyawezi, kwa hiyo tumewabatiza wenyewe. Kuna Koti Jeupe, binti mpole. Mumewe, Bwana Bubu. Mama mkwe wa binti, Lulu, kwa ajili ya ile mikufu. Na baba wa binti, Mzee wa Tambi, kwa sababu anapika tambi na kuziuza.

Ubishi wa siku hiyo ulikuwa wa tangu juzi. Lulu alimmwagia Koti Jeupe maji usoni mbele ya wageni, Bwana Bubu akaendelea kula, binti akaondoka akarudi kwa baba yake. Juzi Lulu akamfuata na gari refu jeusi. Mzee wa Tambi akatoka jikoni na aproni yake, akapiga magoti sakafuni, akasema maneno ambayo Sabutaito alitusomea polepole: “Binti yangu si mwavuli. Mvua ikikata mnamtupa mlangoni, ikirudi mnamtafuta. Harudi.” Tulipiga makofi mpaka mteja wa Wembe akatoka na alama shingoni.

Sasa swali likawa moja. Mtu mwenye maneno makali namna ile, magoti ya nini?

— Guu, alisema Wembe. Wahenga walishasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mzee alimwoza binti kwa matajiri bila kuuliza watu. Yule hakupiga magoti, alianguka.

— Akaanguka mikono imetulia mapajani? Bi Birika alimwangalia kwa huruma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chini ya ile meza kuna kisu cha kukatia tambi. Lulu angeongeza neno moja tu, mngeona.

— Kisu wapi, mama, alidakia Wembe. Kule watu wanauawa na lori.

— Lori jeupe.

— Lilelile. Tamthilia tano nimeangalia, lori ni moja na dereva ni mmoja. Mimi nawaambia, yule dereva ndiye baba mzazi wa Koti Jeupe. Aligongwa akapoteza kumbukumbu.

— Aligongwa na nini? nikauliza.

— Na hilohilo lori.

— Analoliendesha yeye?

— Fundi, ukitaka kila kitu kieleweke nenda kaangalie taarifa ya habari.

Sabutaito alikuwa ametulia na kikombe chake. Alipoona zamu imemfikia, akasema kwa sauti yake ya ofisini:

— Kwa wale watu goti ni ukali. Ukitaka kumwambia mtu ukweli asiousahau, unapiga magoti kwanza. Ndiyo heshima ya mwisho kabla ya kumfukuza.

Mimi niliishika hoja hiyo kwa mikono miwili, na nilikuwa na sababu. Wiki tatu nyuma binti yangu alirudi nyumbani na kiatu kimoja mguuni. Cha pili mama mkwe wake alikirusha juu ya paa, mume akiwa hapohapo anaangalia mpira. Viatu vile nilivishona mwenyewe. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akipekuliwa mkoba na mama mkwe kila akirudi kutoka kazini, na mimi sijui. Aliniambia maneno mawili tu: “Baba, sirudi.” Na siku hiyo, saa kumi, wajomba wa mume walikuwa wanakuja kwangu kumaliza maneno. Maneno yenyewe wao walishayamaliza: mimi niombe radhi kwa binti yangu kuondoka bila ruhusa, kisha abebe begi lake. Kaka yangu mkubwa naye alishanielekeza nijishushe, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ananijua. Mimi nikikanyagwa mguu ndiye ninayesema samahani. Wateja wananiletea viatu vilivyokwisha kufa, nami nawaomba msamaha kana kwamba nilivivaa mimi. Ndiyo maana yale maneno ya mwavuli nilikuwa nayarudia siku mbili mfululizo, nikishona, nikioga, nikila. Nilikuwa nayaweka tayari kwa saa kumi.

Benchi zima lilijua jambo hilo, na hakuna aliyelitaja. Wao walisema habari za Koti Jeupe.

— Harudi ng'o, alisema Bi Birika akinijazia kikombe.

— Akirudi, televisheni naiuza, alisema Wembe.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi muuguzi mmoja, mgeni kwetu, mguu mmoja peku juu ya boksi, akisubiri nimgandishie soli. Muda wote alikuwa akitusikiliza.

— Samahanini wazee wangu, akasema. Na mimi naifuata hiyo, kwenye simu. Nimeshaimaliza yote.

— Usituambie mwisho, akaruka Wembe.

— Mwisho siwaambii. Ila huyo baba, kwani si alikuwa anaomba msamaha? Alisema, “Nisameheni, sikumlea binti yangu vizuri. Mpokeeni tena.” Habari za mwavuli mimi sikuziona.

Wembe alizima mashine yake. Sote tukamgeukia Sabutaito, aliyekuwa anapuliza kahawa iliyopoa zamani.

— Sabutaito, nikasema, ulitusomea nini?

— Niliwasomea kilichostahili kuandikwa pale.

— Kwa hiyo ni uongo.

— Ndiyo. Nilitaka kusoma vilevile ilivyo, nikakuona wewe umesimamisha sindano hewani, unasubiri. Nikusomee kwamba mzee mwenzako anaomba radhi? Wiki hii? Sisomi, bwana. Hata mkinirudisha juzi, nasoma vilevile.

Nilikasirika, sitaficha. Siku mbili nimebeba maneno ambayo hakuna baba yeyote aliyewahi kuyasema. Zimebaki dakika chache, na mfuko wangu wa maneno mtupu.

Muuguzi hakujua alichokigusa. Aliendelea tu, kama mtu anayewaza kwa sauti.

— Mimi kilichonisumbua ni kingine. Aliyemwaga maji ni mama mkwe. Aliyeendelea kula ni mume. Yule baba alikuwa jikoni kwake, anapika. Aliomba msamaha wa kosa gani?

Wembe alikung'uta kitambaa chake cha kunyolea. Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe kilichojaa, likatoa machicha tu. Sabutaito alinitazama mimi. Nilitafuta jibu kwa nia njema kabisa, kwa niaba ya yule mzee na kwa niaba yangu, nikakosa.

Nilimaliza soli, nikampa kiatu chake. Hapo kaka yangu akatokea kwenye kona, shati limepigwa pasi, nyuma yake wajomba watatu wakishuka kwenye gari. Tayari alikuwa anatabasamu kwa niaba yetu sote wawili.

— Mdogo wangu, wamefika. Kumbuka nilivyokwambia. Mtaka cha mvunguni—

— Kaka, nikamkatiza, na sijawahi kumkatiza tangu utoto. Mvunguni mwao hakuna changu. Kimebaki kiatu kimoja, na hicho kiko juu ya paa.

Bi Birika akacheka. Kaka akabaki na tabasamu lake, hajui aliweke wapi, kisha akawafuata wageni wake kuelekea nyumbani kwangu.

Nikavua aproni.

— Sabutaito, inuka twende.

— Mimi? Haya si mambo ya ukoo?

— Wewe. Goti sitapiga. Lakini ulimi wangu naujua, unaweza kupiga magoti wenyewe katikati ya mazungumzo. Ukinisikia nimesema samahani, wasomee kama ulivyotusomea sisi.

Akaimeza kahawa yake ya baridi, akatoa miwani mfukoni, akaivaa.