Watoto Wanne wa Okwara Wanaokwenda Kongo

Kijiwe chetu kiko Malaba, mkabala na kastamu, mbele ya duka la Phanuel Okwara ambalo siku hizi linauza vumbi peke yake. Benchi ni la Okwara. Kivuli ni cha paa la Okwara. Na kahawa ya Mzee Methuselah tunayokunywa tangu asubuhi huandikwa kwa chaki kwenye mlango wa Okwara, kwa hesabu yake, maana sisi ni watu wa heshima, hatulipi papo hapo kama wapita njia. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Uhuru. Okwara alikuwa amechukua mablanketi ya mkopo kwa tajiri mmoja wa Kisumu, akawakopesha wakulima wa Rukala mpaka wavune, na mto Nzoia ukafurika, ukavuna kabla yao. Tajiri anadai elfu nne na mia sita. Mablanketi yenyewe bado yanafunika watu, na moja la buluu linanifunika mimi, lakini leo simzungumzii huyu fundi wa baisikeli anayesimulia, namzungumzia Okwara. Alifika saa sita mchana na karatasi ndefu mkononi. Basi la Kisumu lilikuwa liondoke saa nane.

OKWARA — Ndugu zangu, nisaidieni. Kesho asubuhi niko kortini. Naomba jaji anitangaze muflisi.

GIA MBILI — Muflisi! Hongera sana!

Huyo ni Etyang, mtu wa Adungosi, dereva wa lori ambaye hatujawahi kumwona akipita gia ya pili, si barabarani wala kichwani.

OKWARA — Hongera ya nini?

GIA MBILI — Wewe ulisikia maskini gani amefilisika? Maskini anakaa tu maskini. Kufilisika ni ya watu wakubwa. Hapa kwetu utakuwa mtu ya kwanza. Vaa tai.

METHUSELAH — Ni kweli. Hata Serikali kila mwaka inasoma bajeti, inasema pesa hakuna, na watu wanapiga makofi.

OKWARA — Mzee, sikilizeni kwanza. Karani alinipa fomu moja tu, ya kujaza na wino. Amesema niandike vile nyumba yangu inakula kwa mwezi, kitu kwa kitu. Jaji atatoa hiyo kwa mshahara yangu ya kupima pamba, mia moja na themanini. Kama hakuna kitu inabaki, tajiri hawezi kunifunga. Kama kuna kitu inabaki, nampelekea kila mwezi. Nikikosa mwezi moja, ni jela.

GIA MBILI — Jela ya deni si jela. Unakula bure.

OKWARA — Na watoto watakula wapi?

GIA MBILI — Hiyo sasa ni maswali ya wanawake.

Okwara alijipangusa jasho. Nilimhurumia, nasema kweli. Nilimhurumia mpaka nikaomba kikombe cha pili, na Methuselah akachora mstari mwingine mlangoni.

Kwa bahati yake Okwara, hapo benchini alikuwepo Vitalis, tunayemwita Stampu. Miaka kumi na mmoja Stampu amekuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na katika miaka hiyo kumi na mmoja hakuna mzigo uliopita mikononi mwake kwa bei yake. Vitenge vipya hupita kama matambara ya kufutia mashine. Saa za mkono hupita kama misumari. Akishika kalamu, makarani wa kastamu hukaa sawa vitini. Basi akanyoosha mkono, akachukua fomu ya Okwara, akaipapasa kama anayenunua shuka.

STAMPU — Toka pembeni. Hii ni kazi ya watu wanajua karatasi. Sheria ya karatasi ya Serikali ni moja tu: ile kitu unaandika ndiyo watakukata ushuru nayo. Kwa hivyo unaandika nini?

OKWARA — Ukweli?

STAMPU — Unaandika kidogo! Haba na haba hujaza kibaba. Watoto ni wangapi?

OKWARA — Saba.

STAMPU — Saba ni wengi sana. Jaji atashtuka. Tuandike watatu.

OKWARA — Na hao wanne?

STAMPU — Hao wako transiti. Wanapita tu, wanaenda Kongo. Mzigo ya transiti hailipi kitu hapa.

Tulicheka mpaka mbwa wa kastamu akaamka. Okwara hakucheka, lakini alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mtu anayezama hushika hata kalamu ya Stampu.

STAMPU — Unga kwa mwezi?

OKWARA — Unga peke yake inafika shilingi hamsini.

STAMPU — Kumi na mbili. Tutasema ni unga ilinyeshewa njiani. Samaki?

OKWARA — Mama Nafula ananunulia watoto ile ya ufuo wa Osieko, ikikuja na gari. Kama shilingi thelathini.

STAMPU — Nane. Samaki iliyooza kidogo. Mama mkwe wako bado anakaa kwako?

OKWARA — Tangu mafuriko.

STAMPU — Sampuli. Haiuzwi, haina bei. Naweka sifuri.

METHUSELAH — Mama wa watu, sifuri!

STAMPU — Mzee, nimepitisha piano ya mission kama sampuli. Mama mkwe ni nini?

Karo ikawa shilingi kumi na mbili, kwa kuwa wanafunzi wanne walikuwa wameshaelekea Kongo. Sukari, sabuni na chumvi vikabanwa pamoja katika shilingi sita, kama abiria. Mafuta ya taa, mbili. Stampu alisema mtu mwaminifu hulala mapema. Nguo, tano, akaandika pembeni “zilizotumika”. Kodi ya nyumba tu ndiyo iliyomshinda, shilingi ishirini na tano, kwa sababu ilikuwa na risiti, na Stampu huogopa risiti kuliko chui.

OKWARA — Na kahawa? Niandike kahawa ya hapa?

Tulitazamana.

STAMPU — Kahawa si matumizi. Kahawa ni mkutano.

GIA MBILI — Kweli kabisa. Lakini mimi naona nyinyi wawili mnajisumbua. Dawa ni rahisi. Ng'ombe ikiwa na ugonjwa, inasimamishwa wapi?

METHUSELAH — Karantini. Pale kwa kizuizi.

GIA MBILI — Basi! Ugonjwa haivuki mpaka. Deni pia haivuki. Okwara apande lori yangu, avuke daraja, akae Tororo wiki mbili. Deni itamngoja hapa kwa kizuizi, itaona hakuna mtu, itachoka, itarudi Kisumu yenyewe. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

MIMI — Na jembe unampa nani hapo?

GIA MBILI — Deni! Ilime!

METHUSELAH — Mimi nasikia jaji akishakutangaza, unapewa cheti yenye picha ya simba. Ukionyesha cheti kwa basi, hulipi. Kwa hoteli, hulipi. Mtu akikudai, unamwonyesha simba.

GIA MBILI — Wacha! Hata mimi nataka kufilisika.

METHUSELAH — Wewe utaanzia wapi? Unahitaji kwanza kitu ya kupoteza.

Stampu alikuwa amekwisha kujumlisha. Alipiga mstari chini ya hesabu kwa rula, akapulizia wino, akamnyooshea Okwara kalamu atie sahihi. Okwara akatia. Stampu akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti ya redio.

STAMPU — “Mapato kwa mwezi, shilingi mia moja na themanini. Matumizi ya nyumba, shilingi sabini. Inabaki, shilingi mia moja na kumi.” Unaona? Hiyo ndiyo karatasi! Jaji atasema, huyu mtu anajua kuishi. Mali bila daftari huisha bila habari. Sasa daftari iko, mali itarudi.

Tulipiga makofi. Nilipiga na mimi, tena kwa nguvu. Okwara alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nzoia ipande, akaagiza duru moja ya kahawa kwa wote, na mlango ukapata mistari minne mingine.

Hapo ndipo alipokuja Mama Nafula, mkewe, kutoka upande wa sokoni. Huyu si mtu wa kijiweni kwetu. Kwa kawaida hupita na debe lake la maji kichwani bila kugeuka. Safari hii alisimama. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, na nauli imefundikwa pembeni mwa leso. Kuku wake wa mayai hakuwepo tena; hilo tulilijua kwa kuwa Gia Mbili ndiye aliyemnunua asubuhi, kwa bei ya Stampu.

MAMA NAFULA — Mulembe.

SISI — Mulembe muno, mama.

MAMA NAFULA — Baba Nafula, basi inakuja. Karatasi imeisha?

OKWARA — Imeisha! Vitalis ameandika vizuri sana.

MAMA NAFULA — Nisomee basi na mimi nisikie. Ni nyumba yangu pia.

Stampu alisoma tena, safari hii kwa haraka kidogo. Mama Nafula alisikiliza yote, unga ulionyeshewa, samaki waliooza, mamake mzazi akiwa sifuri. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alingoja mpaka mwisho, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

MAMA NAFULA — Hiyo mia moja na kumi inabaki kila mwezi. Iko wapi?

Gia Mbili alitazama lori lake. Methuselah alitazama makaa. Mimi nilitazama mnyororo wa baisikeli ambao haukuwa na shida yoyote. Stampu aliiangalia fomu kama mzigo uliofunguliwa mbele ya mkaguzi.

MAMA NAFULA — Nauliza tu. Kama iko, mnipe hata kumi ya leo, ninunue unga. Na kama haiko, jaji atamwambia alipe na nini?

OKWARA — Vitalis... futa.

STAMPU — Ni wino.

OKWARA — Andika ingine.

STAMPU — Fomu ni moja. Na umeweka sahihi.

Okwara aliketi. Uso wake sitaki kuueleza. Miaka yote hiyo tumekalia benchi lake, na siku moja aliyotuomba kitu, tulimsukuma jela huku tukipiga makofi. Nilisikia aibu, na aibu hiyo haikunizuia kuficha mikono mfukoni pale Stampu aliponong'ona kwamba Kisumu huenda karani akatoa fomu nyingine kwa shilingi tatu. Tulikuwa wanaume wanne. Hakuna aliyekuwa na shilingi. Gia Mbili alikuwa na kuku.

Basi likapiga honi kwenye kizuizi. Mama Nafula aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kifuani. Akamvalisha mumewe lile shati palepale mbele yetu, akafunga vifungo kimoja kimoja.

OKWARA — Unaenda wapi wewe? Nauli ni ya mtu moja.

MAMA NAFULA — Nitasimama mpaka Kisumu, na kondakta anikute hapo. Wewe uliweka sahihi, mimi sikuweka. Jaji akisoma hii, nitamwambia kwa mdomo wangu: watoto ni saba, wanakula kila siku, na hakuna hata moja anaenda Kongo.

Wakapanda. Tuliwaona kwenye dirisha la nyuma, yeye amesimama, mume ameketi na viazi magotini, mpaka vumbi likawafunika.

Mzee Methuselah akainamisha birika, likatoa machicha matupu. Akatuhesabia vikombe, akachukua chaki, akauendea mlango wa Okwara. Akainua chaki, kisha akageuka.

METHUSELAH — Sasa hii ya leo niandike kwa nani?