Ungo Wetu Mzima

Mzee fundi viatu hakuwa na mke, wala binti aliye hai, wala dada wa kumtuma. Alikuwa na mjukuu wa kike tu, wa miaka kumi na miwili. Kwenye foleni ya posta, mama aliyesimama nyuma yake alimuuliza barua aliyoshika inakwenda kwa nani.

"Kwa nesi wa kwenye simu, mwanangu. Nilimwambia mjukuu, ukivunja ungo usinifiche. Akaniapia kuwa ungo wetu mzima, uko jikoni. Mwezi uliofuata akajifungia chumbani siku mbili, akidhani anakufa. Video ya nesi huyu ndiyo iliyomwambia kuwa ni hedhi, si ugonjwa. Tukaitazama wote wawili. Sasa hata pedi najua kununua."

"Mitandao hiyo hiyo, babu, imejaa uchafu. Ungemwambia mwenyewe."

"Si nimekueleza nilivyomwambia?"

Mama alicheka hadi akashika ukuta, kisha akakaza uso. "Hata hivyo, simu mnyang'anye."

"Ngoja kwanza nishukuru," alisema mzee. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba kama abanavyo soli, akamkabidhi karani.