Masatu Silasi Kwangu, Aliyesubiri Filimbi

Marehemu Masatu Silasi Kwangu, anayesindikizwa leo Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, alizaliwa hapa hapa Murangi tarehe 14 Machi 1990. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Silasi Kwangu, mvuvi na mkulima, na Mama Recho. Alizaliwa mkubwa kupita kiasi. Mkunga alipompokea alimgeukia Mama Recho akamuuliza, "Huyu mlikuwa mnamlishaga nini humo ndani?" Alikua mpole, hana ugomvi na mtu. Siku moja ndama wa jirani aliingia kwenye mihogo. Wenzake waliokota fimbo, lakini yeye alimkumbatia ndama kifuani, akambeba mpaka kwa mwenyewe, ndama analia njia nzima. Hata ukubwani, kanisani walimwomba asalimie wazee kwa mkono tu, maana kumbatio lake liliwaacha wakitafuta pumzi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1998 hadi 2004, kisha sekondari mjini Musoma, 2005 hadi 2008. Hesabu zilimshinda, na familia haioni sababu ya kulificha hilo leo. Kilichomshika ni mieleka. Mwalimu Maige wa sekondari hiyo, aliyesomea michezo Bulgaria, alikuwa amerudi na mieleka ya Kigiriki na Kirumi, ambayo sheria yake ni ngumu: hushiki chini ya kiuno, hutegi mguu. Unamzungushia mtu mikono kifuani, unamnyanyua, unamlaza. Na ukishamshika, huachii mpaka filimbi ilie. Aliyelegeza mapema alirudia zoezi juani mpaka magoti yamkatae. "Mtu akikulilia, usimsikilize yeye," Mwalimu Maige aliwaambia. "Sikiliza filimbi." Masatu alilishika neno hilo kuliko yote aliyofundishwa darasani.

Mwaka 2010 alifungua karakana ya kuchomelea pale Iringo, Musoma mjini. Milango na madirisha mengi ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake. Mieleka hakuiacha, na tangu 2012 hadi 2018 hakuna mtu wa Kanda ya Ziwa aliyeugusisha mgongo wake kwenye mkeka. Mwishowe wapinzani waliisha. Wengine walisikia jina lake tu wakapata udhuru, mara homa, mara msiba wa shangazi.

Tarehe 5 Desemba 2015 alifunga ndoa na Penina, binti wa Butiama. Baba yake Penina alipoambiwa kwamba mkwe wake anakamata watu kwa mapenzi tu, alicheka mpaka akajifuta macho, akasema ng'ombe wa mahari wakipungua itabidi mkwe akamatwe yeye. Mungu aliwajalia watoto wawili, Dorkas na Silasi. Penina anasema miaka ile ya mwanzo nyumba yake ilikuwa na kicheko, na anaomba hilo lisomwe kama lilivyo.

Ndipo yakaja mapigano ya mchanganyiko, ngumi na mateke na kukabana, ndani ya kizimba cha chuma. Vijiwe vyote vya Iringo viligawanyika. Je, mtu wa Kigiriki na Kirumi anaweza kuyashinda hayo? Fredy, kinyozi wa jirani na karakana, alikuwa upande wa hapana. "Anashikaga juu tu. Miguu kamwachia nani? Watampiga mateke mpaka alale mwenyewe." Wengine walijibu kwamba teke ni moja tu, la pili utalipigia wapi wakati umeshabebwa. Penina hakutaka kabisa. Masatu alimwambia anataka kujua jibu, basi, na akishalijua ataacha. Kizimba chenyewe alipewa yeye akichomelee, na alikichomelea vizuri.

Pambano lilikuwa tarehe 8 Juni 2019, Musoma mjini. Mpinzani wake alikuwa Gody wa Nyamuswa, kijana mrefu, bingwa wa mateke, mwana pekee wa Mama Rhobi. Fredy nusura ashinde ubishi wake. Paja la kushoto la Masatu lilivimba akawa anachechemea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kisha Gody alikosea kidogo, akasogea. Masatu akamzungushia mikono kifuani, akamnyanyua, akamlaza, akabana. Katika mchezo ule anayeshindwa humgonga mwenzake kwa kiganja, na hapo kila kitu huisha. Gody aligonga. Alimgonga Masatu mgongoni, katikati ya mabega. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuuona mkono. Wala hakuwa na filimbi, kwa kuwa mchezo ule haupulizwi filimbi. Mpaka alipozunguka na kumvuta Masatu, muda ulikuwa umepita.

Gody aliinuka, akatabasamu, wakakumbatiana, watu wakashangilia. Alipanda basi akarudi kwao kupitia Bunda. Wiki ile ile, mchana, akiwa anakula, aliweka kijiko chini akasema kifua kinambana. Akafariki kabla ya kupata gari. Hospitali haikusema sababu ni pambano, wala haikusema si pambano.

Masatu alikwenda msibani Nyamuswa, akapiga magoti mbele ya Mama Rhobi na kusema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe. "Mama, aligonga. Niliusikia mkono wake vizuri. Mimi nikawa nasubiri filimbi."

Ukoo wa Gody una desturi yake. Aliyemtoa mtu duniani, hata kwa bahati mbaya, hushika nafasi ya yule aliyetoka. Humlimia mama yake, hula kwake, mpaka siku mama huyo atakapotamka kwa kinywa chake kwamba amemwachia. Baadhi ya wazee wa kanisa walimwonya Masatu asiingie kwenye mambo hayo. Aliwajibu kwa heshima kwamba kulima si dhambi. Tangu msimu ule, kila mvua za Novemba alifunga karakana, akaenda Nyamuswa kupanda pamba ya Mama Rhobi, akapalilia, akavuna. Alimwita Mama. Mama Rhobi alimwita "wewe". Kila mwisho wa mavuno Masatu aliuliza kama ameachiwa, na kila mara jibu lilikuwa moja: "Kulima unalima, sijakataa. Ila neno lenyewe sina bado."

Ugonjwa wa Masatu ulianzia mgongoni, muda mfupi baada ya msiba ule. Alisema anagongwa. Penina alidhani ni misuli, akamkanda kwa maji ya moto. Kisha akasikia mwenyewe. Walikuwa mezani, saa sita mchana, jua limewaka, mara ukasikika mlio wa kiganja juu ya mwili, pa, pa, pa, na shati la Masatu likacheza katikati ya mabega. Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu. Kanisani watu waliokaa benchi la nyuma yake walianza kuhama. Karakanani, siku Masatu amevaa shati jeusi, Fredy alimwona na alama ya vumbi mgongoni, ya kiganja chenye vidole virefu, akaipangusa. Kila alipogongwa, Masatu alisimama alipo, akaitanua mikono yake yote miwili na kusema, "Nimeachia, ndugu yangu. Nimeachia." Lakini kugongwa hakukukoma. Alipimwa Musoma, akapimwa Bunda, vipimo vyote vikawa safi. Alipungua mpaka pete ya ndoa ikawa inamtoka kidoleni.

Mwaka huu hakuwa na nguvu za kuvuna, lakini alikwenda. Tarehe 11 Agosti 2025, mchana, aliketi uani kwa Mama Rhobi, pamba imeshafungwa kwenye viroba. Akauliza kama kawaida yake. Mama Rhobi akajibu kama kawaida yake, akaingia jikoni kumpakulia ugali. Alipotoka alimkuta Masatu ameinama mbele, mikono imezunguka hewa kwa duara, vidole vimeshikana. Amekwisha.

Wanaume waliouosha mwili wake juzi hapa Murangi walishindwa kuishusha ile mikono. Walijaribu maji ya moto, walijaribu mafuta, walijaribu watu wawili kila upande. Seremala alikuja kupima, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini kama jeneza ni la mtu mmoja. Ndipo Mama Rhobi, aliyefika na basi la asubuhi, akaomba aingie. Si kawaida mwanamke kuingia pale, lakini hakuna aliyemzuia. Alisimama upande wa kichwa. Alipofungua kinywa hakusema na marehemu. Alimtazama yule aliyekuwa ndani ya mikono, kama mtu anavyomtazama mwanawe, akasema, "Gody. Huyu amenilimia miaka yote hii. Mimi nimemwachia. Na wewe toka hapo, baba, uje kwangu." Mikono ya Masatu ikashuka yenyewe, polepole, mmoja kisha mwingine.

Penina anaomba ijulikane kwamba hana kinyongo na mtu, ila neno lile angependa mumewe angelisikia akiwa hai. Analisema wazi, na familia inalisoma kama alivyolisema.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Recho, mjane, Penina, watoto wawili, Dorkas na Silasi, kaka na dada, na Mwalimu Maige, ambaye hajaweza kusimama tangu afike. Ameacha pia mama wa Nyamuswa, Mama Rhobi, aliyeketi mstari wa mbele bila kuegemea kiti. Tangu juzi haegemei. Alipoulizwa kama mgongo unamuuma, alitikisa kichwa, akasema, "Ananigongagonga tu. Mwacheni, ni wangu." Wanaopita nyuma yake wakati wa kuaga mwili wanaombwa wapite taratibu.

Masatu, mwana wa Kwangu, lala salama. Bwana akupe pumziko ulilolitafuta.