Kitako cha Bunduki Alichochonga Mzee Futi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka seremala.

Jina lake la kwenye vyeti wengi wetu hatukulijua. Tulimwita Mzee Futi, kwa sababu ya ile futi ya kupimia ambayo haikutoka kiunoni mwake. Alipima kila kitu. Kwenye harusi ya mpwa wake alipima meza ya maharusi kabla ya kuketi, akatangaza kwamba imelalia upande wa bwana harusi. Meza hii ninayoegemea hapa studio ni kazi yake. Alipoileta haikupita mlangoni. Akapima mlango, akaitazama meza, akasema, "Mlango umekosea." Kisha akaifungua miguu.

Mzee Futi alifariki dunia Ijumaa iliyopita asubuhi, hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ameacha mke na binti mmoja. Ameacha pia kitako cha bunduki ya upepo, na habari ya leo ni ya kitako hicho. Mjane na binti wameniruhusu kuisimulia. Binti alitoa sharti moja tu. Alisema, "Isimulie yote. Usiwapake watu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Basi nitaisimulia yote.

Karakana ya Mzee Futi ni chumba kirefu chenye dirisha moja. Ukiingia, vumbi la mbao linakupokea kabla ya mwenyewe. Katikati kuna msumeno wa umeme uliofungwa kwenye meza ya chuma. Msumeno huo ulikuwa na kinga, yaani kifuniko cha chuma kinachozuia mkono usifike kwenye meno. Mzee Futi aliivua kinga ile. Ilikuwa inamchelewesha akikata mbao ndefu. Wasikilizaji, shikeni hilo: aliivua yeye mwenyewe.

Binti yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa ndiyo kwanza amepanga chumba chake cha kushonea. Alifika karakana kumwomba baba amkatie ubao wa meza ya cherehani. Baba akamwambia ashike upande ule wa pili. Ubao ukaruka. Mkono wa kulia wa binti ukavutwa kwenye msumeno. Alipoteza vidole vitatu. Alibaki na kidole gumba na cha shahada.

Hospitalini ndugu walijaa ukumbini, wakamuuliza baba imekuwaje. Mzee Futi akajibu, "Hakuwa makini."

Binti alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia.

Maneno yale yakatembea. Ukoo mzima ukaamini, hata mama mtu aliamini. Shangazi mmoja alithubutu kumuuliza yule binti usoni: mtoto wa seremala, hujui msumeno una meno? Binti aliuza cherehani zake, akahamia kwa mama yake mdogo. Akakaa miaka minne bila kusema na baba yake.

Katika miaka hiyo alipata kazi ya ukarani kwenye ukumbi wa michezo. Nyuma ya ukumbi huo kuna klabu ya kulenga shabaha. Kocha wao ni mama mmoja, askari mstaafu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku moja akamwambia yule karani aache karatasi, aje ajaribu.

Bunduki ya upepo, kwa asiyeijua, haina baruti. Hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma kijirisasi kidogo kama punje ya dengu. Unasimama mita kumi kutoka kwenye shabaha, na kile kitone cha katikati ni kidogo kuliko kichwa cha pini. Binti aliniambia, "Ukilenga huwezi kuwaza kitu kingine. Ndiyo maana niliipenda."

Lakini bunduki ya klabu ilikuwa na zaidi ya kilo nne na nusu, na ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu anayetumia mkono wa kulia. Yeye alilenga kwa bega la kushoto na kufyatua kwa kushoto. Uzito wote ukalala kwenye mkono wa kulia, mkono wa vidole viwili. Kifundo cha mkono kilivimba. Alikuwa hodari, lakini alikuwa mbioni kuacha.

Siku hizo hizo kocha alikwenda karakana kuagiza fremu za kuwekea shabaha. Kocha hakujua undugu wao. Katika mazungumzo akamtaja karani wake mwenye vidole viwili ambaye bunduki inamshinda uzito. Mzee Futi akaiweka penseli chini. Kisha akauliza, "Hivyo viwili ni vipi?" Kocha akamwonyesha. Mzee akaomba aazimwe bunduki moja kuukuu ya klabu.

Kitako ni ile sehemu ya mbao iliyoshika chuma cha bunduki, unayoiegemeza begani na kuilazia shavu. Mzee Futi alitaka kuchonga kitako chepesi, kinachoweza kurefushwa, kufupishwa, kupandishwa na kushushwa. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilikuwa chepesi mno nyuma, mdomo wa bunduki ukawa unainama kama mtu mwenye usingizi. Cha tatu alikichimba ndani kikabaki ganda, akabandika mbao ngumu pale tu penye skrubu. Mkewe alinisimulia: "Antena yetu ya zamani ikapotea. Halafu kandambili moja, ya kulia. Nikamuuliza, wewe mzee, unajenga ndege?" Antena ilikuwa imegeuka vyuma viwili vya kusogeza kitako mbele na nyuma. Kandambili ilikuwa pale begani, kuzuia kuteleza.

Sehemu moja ilimshinda. Ni pale pa kulaza ule mkono wa kulia. Hakuweza kuukisia. Kocha akamwambia atamletea mwenye mkono apimwe. Hapo ndipo mzee alipotoboa siri. "Ni mwanangu," alisema. "Hatusemezani."

Kocha akampelekea binti ile bunduki yenye kitako cha tatu, akamweleza ni nani aliyekichonga. Binti akaifungia kabatini bila kuijaribu. Kwa miezi mitatu aliendelea na ile nzito, hadi siku mkono ulipogoma na bunduki ikaanguka sakafuni. Kocha hakumbembeleza. Alimwambia achague: apimwe, au aache.

Jumamosi moja akaenda karakana. Aliniambia, "Sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya bunduki."

Mzee Futi alizima mashine. Alipangusa meza mara mbili, ingawa ilikuwa safi. Binti akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza baba kuuona bila bandeji. Akachomoa futi. Akapima kutoka kidole gumba hadi kwenye kovu, akasogea dirishani kuandika, akarudi kupima tena. Mara ya tatu akawa hazisomi namba. Binti akaishika futi kwa mkono wa kushoto, akasoma mwenyewe.

"Milimita sabini na mbili," alisema. "Andika."

Akaandika.

Tangu siku hiyo alifika kila Jumamosi, mwaka mzima. Msidhani walipatana. Waliongea milimita tu. Juu kidogo. Shusha. Hapo hapo. Mama alikuwa akileta chai, anasimama mlangoni na sinia, anasikiliza, anaondoka. Kitako kikazidi kupungua kwa msasa hadi bunduki yote ikafika kilo tatu na robo. Maumivu ya kifundo yakapungua.

Mwaka jana binti aliingia mashindano. Walikuwa walengaji ishirini na sita. Alishika nafasi ya nne. Hakupata medali. Mzee Futi alikuwa ameketi safu ya mwisho, na kocha anasema hakuzitazama shabaha hata mara moja. Alikuwa anatazama bega la mwanawe. Baadaye akamwambia, "Kinaingia begani nusu milimita zaidi. Nitakirekebisha."

Hakukirekebisha. Kikohozi kilikuwa kimeshamshika. Miaka arobaini ya vumbi la mbao, bila kitambaa puani. Daktari alisema mapafu yamechoka.

Jumatano ya wiki iliyopita aliomba ndugu waitwe wodini. Wakaja kaka zake wawili, yule shangazi na mafundi wake wa zamani. Mkewe alikuwepo. Binti alisimama upande wa miguu ya kitanda. Mzee akasogeza mpira wa hewa kutoka puani.

"Ule msumeno," alisema, "kinga niliivua mimi. Mwanangu hakukosea. Niliwadanganya."

Kaka mtu akajaribu kumtuliza, akamwambia hayo yamepita, apumzike.

"Hayajapita," alisema Mzee Futi. "Mliniamini mimi, mkamlaumu yeye."

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Mama alikaa chini. Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia, baba." Akatoka.

Aliniambia alikuwa na neno jingine. Hakutaka kulisema mbele ya watu. Alipanga kulisema Jumamosi, siku yao, wakiwa wawili tu. Ijumaa saa mbili asubuhi simu ikalia. Jumamosi ilikuwa siku ya mazishi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio natoa pole kwa mjane wa Mzee Futi, kwa binti yake, kwa kaka zake, kwa mafundi wa karakana, na kwa kocha na klabu yake. Mwenyezi Mungu awape subira.

Nanyi mlio na misumeno ya umeme, irudishieni kinga zake. Mbao ndefu zitasubiri. Na kama mmemtwika mtu lawama isiyo yake, mtueni mapema, mbele ya wale wale mliomtwikia mbele yao. Mzee Futi alichonga miaka mitatu kabla ya kufungua kinywa. Kitako kilisaidia mkono. Uongo ulibaki pale pale hadi Jumatano ile.

Jana nilimuuliza binti ni neno gani alilotaka kumwambia baba yake. Alikuwa ameketi karakana, mikono mapajani, mashine zote zimezimwa. Alitikisa kichwa.

"Lilikuwa lake," alisema. "Siwezi kukupa wewe."