Mwalimu Jedidah Wakesho na Uzito wa Neno Moja

Wapendwa waombolezaji, Mwalimu Jedidah Wakesho alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 huko Mwanda, kitinda mimba wa Mzee Obadiah na Mama Mghoi, akasoma shule ya msingi papo hapo milimani, kisha sekondari Wundanyi, na mwaka 1985 akahitimu ualimu, akapangiwa Voi kufundisha Kiingereza.

Wanafunzi wake humkumbuka kwa somo la maneno ya uwezekano, kwamba “probably” hukaa baada ya “will” lakini hutangulia “won’t”, kwamba “maybe” huanza sentensi, na aliyechanganya “possibly”, yaani huenda, na “definitely”, yaani bila shaka, alirudia zoezi lote, maana, alisema, “Ukisema zaidi ya unachojua, umedanganya.”

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Zephaniah, fundi wa reli, wakajaliwa Hillary mwaka 1990 na Lynn mwaka 1996.

Mwaka 2004 stoo ya shule iliteketea, naye alikuwa ameona mtu akitoka upande huo giza likiingia, ndipo mwalimu mkuu wa wakati huo akamtaka aandike katika taarifa ya polisi kwamba “definitely” alikuwa Mukonyo, mlinzi wa shule aliyekuwa tayari ameshikiliwa.

“Mwalimu, ni neno moja tu,” akamwambia.

“Ni moja, lakini kuna mtu atafungwa nalo,” akajibu, akaandika “possibly”, akatia sahihi.

Mukonyo aliachiliwa, ila Mwalimu akahamishwa hadi Taveta, akaishi mbali na wanawe miaka sita, huku Zephaniah akijifunza kusuka nywele za Lynn, na kila Jumapili jioni Mwalimu aliporudi Taveta alifunga mlango wa chumba chake akalia kwanza, ndipo akasahihisha vitabu. Lynn alipokua alimuuliza mama yake kama kweli alikuwa Mukonyo, naye akasema, “Sijui, mwanangu. Ndiyo maana niliandika vile.” Hadi leo aliyechoma stoo hajajulikana.

Alistaafu mwaka 2023, mwaka uliofuata akaugua figo, akatibiwa Voi na Mombasa, na alfajiri ya tarehe 17 Juni 2025 akatutoka, akiwa na miaka 62, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Voi na Taveta, pamoja na majirani wa Mwanda waliopandisha kuni na maji kilimani kwenye mvua bila kuitwa.

Mama, mlima uliokuzaa umekupokea, pumzika kwa amani.